Dawati la Tatu Kutoka Dirishani

Mwalimu Sikudhani ameandika ubaoni: *-zuri*,
na mbele ya herufi ya kwanza kachora kistari
kama mahali pa kufungia kamba.
"Hili ni shina," anasema. "Halina miguu.
Likitaka kutembea huazima ya jirani."
Mtu mzuri. Kiti kizuri.
Gari zuri, japo la mkopo.
Hapo darasa linacheka,
maana Mashavu wa duka la vipodozi
bado analipia bajaji ya mdogo wake.

Tuko kumi na mmoja, watu wazima,
magoti yamebanwa katika madawati ya watoto,
shule ya msingi, Keko Machungwa, saa kumi na mbili na nusu.
Vumbi la randa limenikalia nyweleni,
na nje misumeno inanyamaza mmoja mmoja
kama mbwa waliochoka kubweka.

"Kivumishi kazi yake kuvumisha.
Hushika jina, kikatangaza sifa zake mtaa mzima.
Kielezi hakina habari na jina.
Chenyewe hukiuliza kitenzi: ulifanyaje?"
Anafuta kistari, anaweka *vi*.
Vizuri. Vibaya. Vikali. *-Ema* linakuwa vyema.
*-Dogo* linagoma, linataka *ki*: subiri kidogo.
*-Vivu* nalo vilevile: alitembea kivivu.

Mtulia, mlinzi wa ghala pale Chang'ombe, akanyoosha mkono.
"Mwalimu, viti vizuri. Hiyo *vi* ni ipi?"

Kimya. Feni inazunguka kwa kusitasita.
Mwalimu akaandika, chaki ikalia:
Viti vizuri vimetengenezwa.
Viti vimetengenezwa vizuri.
"Neno ni lile lile. Tazameni limekaa ubavuni mwa nani.
La kwanza linasifu kiti. La pili linamsifu fundi."

Linamsifu fundi.
Nikainamisha macho.
Dawati langu, la tatu kutoka dirishani, linacheza.
Mguu wa nyuma, wa kulia, umepungua nusu inchi,
kiungo kimejazwa gundi na unga wa mbao,
msumari unachungulia, unasubiri suruali ya mtu.
Nayajua haya bila kuinama.
Tenda ya mwaka ule wa mvua nyingi:
madawati arobaini, siku tisa,
mbao mbichi zinatoka maji,
nami namwambia Chuma, kijana wangu wa msasa,
pigapiga tu, watoto hawakagui.

"Nani atatunga sentensi yenye *vibaya*?
Chande?"

Ningeweza kusema: madawati haya ni mabaya.
Sentensi safi, haina fundi ndani yake.
Nikasimama, msumari ukanishika kidogo, ukaniachia.
"Madawati haya," nikasema, "niliyatengeneza vibaya."

Wakacheka, wakidhani ni mfano.
Mwalimu hakucheka. Alikitazama kidole changu gumba,
kile kisicho na ukucha,
kisha akasema, "Sahihi. Keti."

Jumamosi nilikwenda na Chuma, na jiriwa mbili,
na vipande vya mkongo mkavu
vilivyobaki kwenye kabati la harusi ya watu.
Tulimaliza sita hadi jua kuzama.
Kati ya yale arobaini, mengi sikuyaona;
mpishi alisema yalishapikia uji.

Jumatatu Mwalimu akapitisha kiganja juu ya dawati langu.
"Jipya hili?"
"Hapana, Mwalimu. Ni lile lile.
Limetengenezwa upya."

Akageuka ubaoni haraka, kama aliyekumbuka chungu jikoni,
akaandika *-pya*, akaweka *u*.
"Mbona si *vi*?" Mashavu akauliza.
"Hili lina njia yake," Mwalimu akajibu,
na chaki ikakatika.

Nilinakili kwa penseli ya useremala, ile bapa.
Mtulia hakuandika kitu.
Alikuwa akilitikisa dawati lake, huku na huku,
akinitazama.